Viatu vya Bibi na Ngazi za Bandarini

Ko. Ko. Kimya. Kisha tena: ko, ko.

Binti alifumbua macho gizani akatega sikio. Bomba la jikoni lilikuwa na tabia ya kudondosha matone, lakini matone ya bomba hayatembei. Sauti hii ilitembea. Ilitoka upande wa jikoni, ikaja hadi karibu na mlango wa chumba chao, ikasimama kana kwamba inavuta pumzi, kisha ikageuka ikarudi ilikotoka.

Mama yake alikuwa bado amelala, mkono mmoja juu ya uso, kama mtu aliyeshona hadi macho yakagoma. Kulikuwa karibu kupambazuka. Binti aliteremka kitandani taratibu, akajifunika shuka mabegani, akachungulia ukumbini.

Kumbe ni bibi! Alikuwa na gauni lake la kulalia, kichwani kafunga kitambaa, mkono kaushika ukuta, na miguuni kavaa viatu vipya vyeusi vyenye kisigino kifupi na ncha nyembamba.

"Bibi! Unakwenda wapi saa hizi?"

"Shii! Siendi popote. Navifundisha adabu."

"Vitu gani?"

"Hivi viatu. Kiatu kipya, mke mwenzangu, ni kama punda mpya. Usipomzoesha nyumbani, atakuaibisha mbele za watu."

Binti alijiziba mdomo ili asicheke kwa sauti. Goti lake lilikuwa tayari limeanza kucheza, ingawa alikuwa amesimama. Goti hilo ndilo lililompa jina. Jina lake halisi liliitwa shuleni tu. Nyumbani na mtaani kote alikuwa Cherehani, kwa sababu akikaa mguu wake hupanda na kushuka kama anakanyaga cherehani isiyoonekana. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na alipenda kuwaambia wateja kwamba nyumba yake ina cherehani mbili: moja anaikanyaga yeye, nyingine inajikanyaga yenyewe.

Siku hizo Cherehani alikuwa na sababu ya kutotulia. Baridi ilikuwa inaaga. Miti ya barabarani ilikuwa imeanza kutoa vichipukizi vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, na mara majira ya machipuko yatakapokolea, wangesafiri kwenda mji wa wavuvi alikozaliwa bibi. Ulikuwa mji wa kale, umejengwa kwa mawe juu ya genge la mwamba, na watu wake huteremka bandarini kwa ngazi ndefu zilizolika katikati kwa kukanyagwa na vizazi na vizazi. Wakati wa dhoruba za baridi, wavuvi huzipandisha mashua zao nchi kavu. Bahari ikitulia, huziteremsha majini, zote siku moja, zikiwa zimepakwa rangi mpya. Bibi alitaka kufika siku hiyo, wala si siku nyingine.

Safari nzima ilikuwa ukutani, juu ya meza ya kulia. Mama alimpa Cherehani kipande kikubwa cha ile karatasi ya kahawia anayochorea mitindo ya nguo, na kila jioni bibi alifumba macho akausimulia mji wake, naye mjukuu akauchora.

"Hapa kuna banda la kukaushia samaki kwa moshi. Ukipita karibu, nguo zako zitanukia mwezi mzima. Hapa ni kwa washona nyavu. Hapa kisima."

"Kulia au kushoto, bibi?"

"Wewe kiweke tu, kisima hakikimbii."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye angeendesha. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na tajiri wake alikubali kumwachia gari kwa siku moja. "Tutafika tunanukia mkate," alisema, "mpaka samaki wenyewe watoke majini watufuate."

"Nawe utawapa lifti?" mama akamuuliza.

"Wakinunua mkate, kwa nini nisiwape?"

Kila mtu alikuwa na hamu yake. Lakini ya bibi ilikuwa tofauti, na alimwambia Cherehani peke yake, alfajiri ile, walipokuwa wameketi jikoni wakisubiri maji yachemke.

"Unajua kule walikuwa wananiitaje? Pekupeku. Nilikuwa napandisha vikapu vya samaki kutoka bandarini, sina kiatu, kiangazi sina, baridi sina. Watoto wenye viatu ukiwasikia tu kwenye zile ngazi, ko ko ko, unajua mtu anakuja. Mimi nilikuwa natokea tu kama paka. Nilikuja sikusikika, na nilipoolewa nikaondoka, sikusikika pia." Alivitazama viatu vyake, akavigonganisha visigino. "Safari hii nataka wanisikie nikishuka."

Cherehani aliapa moyoni kwamba bibi atasikika, hata ikibidi yeye mwenyewe atangulie na ngoma.

Jumamosi, kufua soksi ilikuwa kazi ya Cherehani. Alikuwa akisugua, huku goti likisugua nalo hewani, alipoona kwenye soksi ya bibi doa la rangi ya chai. Alilisugua, halikutoka. Akamfuata bibi chumbani.

"Bibi, hebu nione kisigino chako."

Bibi alisita, kisha akainua mguu. Kisiginoni palikuwa na lengelenge lililopasuka, na ngozi yake imekunjamana pembeni kama karatasi iliyoloa.

"Inauma?"

"Haiumi hata chembe. Na ingekuwa kitu cha maana, si ingeuma? Jino bovu huuma. Tumbo bovu huuma. Hiki kimekaa kimya, maana yake hakina neno."

Maneno hayo yalionekana ya kweli kabisa. Hata hivyo, Cherehani alijua kwamba bibi ana kisukari. Alimeza vidonge kila asubuhi, na daktari alikuwa amemwagiza aangalie miguu yake kila jioni. Bibi aliona agizo hilo ni kichekesho. "Nimeishi na miguu hii tangu nizaliwe," alikuwa akisema, "niiangalie nini, kama itaota masikio?"

"Tumwambie mama," Cherehani akasema, lakini alilisema taratibu, kama mtu anayetumaini atakatazwa.

"Mwambie. Kisha atanifungia ndani, na safari kwaheri. Mashua haziteremshwi mara mbili kwa mwaka, mke mwenzangu." Bibi alimshika mkono. "Hii iwe yetu wawili."

Cherehani alitazama dirishani, akaiona safari yote ikining'inia kwenye ncha ya kisigino kimoja. Akaenda kwenye mkoba wake wa shule, akatoa plasta.

Tangu siku hiyo, kila jioni walijificha nyuma ya pazia kama wezi wawili wanaogawana walichoiba. Plasta ya zamani ilitoka, mpya ikaingia. Bibi alipiga hadithi na Cherehani akafunga. Na kila alfajiri, ko, ko, ko, viatu viliendelea kufundishwa adabu.

Lakini moyo wa Cherehani haukukaa. Usiku alijigeuza kitandani mpaka mama akamwuliza kama godoro lina miiba. Darasani alichora mashua kwenye kila ukingo wa daftari. Mwalimu alipomwuliza maji ya mvua hutoka wapi, alisimama akajibu, "Kisiginoni." Darasa zima likaangua kicheko, naye akaketi mashavu yakimwaka.

Jioni moja, wakila, mama aliweka kijiko chini.

"Mama," alimwambia bibi, "miguu yako inaendeleaje?"

"Iko chini, pale pale ilipokuwa jana."

"Sitanii, mama."

"Wala mimi. Ungependa iwe juu?"

Mama alitabasamu kidogo, lakini macho yake yalimgeukia binti yake. "Na wewe, unayemfulia soksi. Umeona kitu chochote?"

Cherehani alimtazama bibi. Bibi alikuwa akiitazama ramani ukutani.

"Hapana, mama. Sijaona kitu."

Chini ya meza, goti lake lilisimama. Lenyewe tu, bila kuambiwa. Mama aliendelea kumwangalia kwa kitambo, kichwa kakiinamisha upande, kama anavyofanya anaposikiliza mashine yake.

"Mimi cherehani ikinyamaza ghafla," alisema polepole, "huwa naangalia uzi kama haujakatika."

Kisha akarudi mashineni. Alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, na kazi ilimwita. Cherehani aliosha vyombo bila kuimba.

Siku za safari zilikaribia. Mjomba alipiga simu kuuliza kama kuna anayetapika garini. Mama alikata nguo za harusi mchana kutwa, na sakafu ya nyumba ilijaa vipande vya uzi na pini zilizoanguka. Mchana mmoja alitoka kwenda kumpima mteja, na Cherehani aliporudi kutoka shuleni alimkuta bibi ameketi kitandani, amechoka, lakini uso wake unang'aa.

"Leo nimetembea navyo tangu asubuhi," alisema. "Vimeshika adabu kabisa. Hebu nivulie."

Cherehani alipiga magoti, akafungua kiatu cha kwanza. Bibi alianza kumsimulia habari za mvuvi mmoja aliyelala kwenye mashua yake akidhani iko majini, kumbe iko nchi kavu.

"Basi akaamka, akaanza kupiga makasia..."

Cherehani alivuta kiatu cha pili. Hakikutoka vizuri, kama kilichoshikwa na kitu. Alipokivuta kwa nguvu, kikaachia, na chini ya soksi, katikati ya wayo, kitu kidogo kikametameta. Kilikuwa kichwa cha pini, moja ya zile za mama, iliyodumbukia ndani ya kiatu. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote mguuni.

"...akapiga makasia weee, anajiuliza mbona leo bahari ngumu hivi!" Bibi alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Cherehani alikishika kile kichwa cha pini kwa vidole viwili, akavuta. Ilitoka ndefu, na tone la damu likaifuata. Bibi hakutikisika. Hakuvuta mguu. Aliendelea kucheka.

"Mbona hucheki? Hadithi imekuchosha?"

"Bibi," Cherehani alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Umekanyaga pini."

"Pini ipi?"

Akamwonyesha. Bibi aliitazama kama mtu anayeonyeshwa mzigo uliosahauliwa na msafiri mwingine. Cherehani alikumbuka siku alipokanyaga pini kama ile yeye mwenyewe: alipiga kelele mpaka jirani akaja na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua. Na bibi ametembea nayo, nani ajuaye tangu saa ngapi, akisimulia habari za wavuvi!

Alibandua plasta ya kisiginoni. Ukingo wa kidonda ulikuwa mweusi, na harufu ilipanda ambayo jana haikuwapo.

"Haiumi," bibi alisema, lakini safari hii alilisema kwa sauti nyembamba. "Mjukuu wangu, zimebaki siku chache tu. Twende, tukirudi tutamwambia. Nakuomba."

Bibi hakuwahi kumwomba kitu namna ile. Cherehani aliinuka, pini mkononi. Alisikia mlango wa mbele ukifunguka, mama akivua viatu, kiti kikivutwa, na mashine ikianza kunguruma. Alitamani mashine isinyamaze kamwe, ili asiwe na nafasi ya kusema. Kisha akaenda, akasimama mbele ya meza ya kushonea.

"Mama, nilikudanganya."

Mguu wa mama uliacha kikanyagio.

Hakufoka. Alisikiliza hadi mwisho, akaichukua pini kutoka mkononi mwa binti yake, akaichomeka kwenye kifuko chake cha pini kama ilivyo desturi yake. Akampigia simu mjomba. Jua lilikuwa bado halijazama gari la mikate lilipofika mlangoni, likiwa na makreti yake matupu nyuma. Ndivyo bibi alivyopanda gari la safari kabla ya siku ya safari, miguu imefungwa taulo, uso ameugeuzia dirishani.

Katika kituo cha afya, muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Aliosha vidonda vyote viwili, kisha akavuta kigoda, akaketi miguuni pa bibi akiwa na kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha.

"Mama yangu, tufanye mchezo. Fumba macho. Kila nikikugusa, sema 'hapo'."

Bibi akafumba macho. Muuguzi aligusa kidole gumba. Kimya. Akagusa katikati ya wayo, mpaka uzi ukapinda. Kimya. Akagusa kisigino, akagusa ubavu wa mguu, akarudi vidoleni. Cherehani alikuwa akiufuata ule uzi kwa macho, midomo yake ikitaka kusema 'hapo' kwa niaba ya bibi.

"Haya, anza basi," bibi alisema, macho bado kafumba.

"Nimeshamaliza, mama," muuguzi akajibu kwa upole.

Bibi alifumbua macho. Alivitazama vidole vyake vya miguu, kimoja kimoja.

"Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu, huweza kuua hisia za miguu," muuguzi alieleza, akifunga bendeji. "Maumivu tunayachukia, lakini kazi yake ni kutubishia mlango tuamke. Kwako, mama, hakuna anayebisha. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa kisukari kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali. Mngekaa nacho zaidi, leo tungezungumzia kukata kidole, au mguu. Sasa dawa, usafi, na mguu upumzike. Viatu hivyo visiguse mguu huu tena."

"Na safari?" bibi aliuliza.

"Safari ya kwenda kitandani, ndiyo. Nyingine hapana."

Bibi akamgeukia Cherehani. "Nilikupa siri," alisema, "ukaimwaga kama maji machafu." Tangu hapo hakumsemesha.

Siku ya kuteremsha mashua ilifika ikapita. Mjomba alisambaza mikate kama siku zote. Bibi alilala kauelekea ukuta, na Cherehani alikaa chini ya ramani yake asijue aiache au aitoe. Mguu wake ulikanyaga, ukakanyaga, bila kushona chochote. Mama alikuja akaketi sakafuni kando yake.

"Nikuulize kitu, nawe usinijibu ninachotaka kusikia. Siku ile ulinidanganya kwa sababu ulimpenda bibi, au kwa sababu ulipenda safari?"

Cherehani aliwaza. Jibu zuri lilikuwa karibu, limekaa ulimini, tamu. Akaliacha.

"Vyote viwili. Lakini safari zaidi."

Mama alimvuta kichwa akakilaza begani. "Mimi nami niliona mashine imenyamaza, nikakimbilia gauni la watu badala ya kuangalia uzi. Kwa hiyo tuna kazi sote wawili. Kuanzia leo, miguu ya bibi ni yako asubuhi na jioni, mimi nitaangalia baada yako. Atanuna. Mwache anune, wewe fanya."

Kazi yenyewe haikuwa ndogo kwa mtoto asiyetulia. Muuguzi alimfundisha: maji ya vuguvugu, yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia, si kwa mguu wa bibi. Kukausha taratibu, hata katikati ya vidole. Kuangalia kila upande. Kwa chini, Cherehani aliazima kioo kidogo ambacho wateja wa mama hutumia kutazama mgongo wa gauni, akakiweka chini ya wayo. Mara ya kwanza aliharakisha, akamwaga maji mpaka mlangoni. Baadaye aligundua kwamba alipokuwa akikausha vidole vile, kimoja baada ya kingine, goti lake lilikuwa limetulia, na halikutulia kwa hofu.

Bibi alinuna kweli. Alitoa mguu kama mtu anayetoa kodi. Alasiri moja, Cherehani akiwa amejipinda juu ya kioo, sauti ilitoka juu yake:

"Kile kisima umekikosea."

"Eh?"

"Pale kwenye ramani yako. Umekiweka kulia. Kiko kushoto, ukifika mwisho wa ngazi. Na karibu yake kuna benchi la mawe. Unataka watu wakapotee?"

Cherehani alikimbia kuchukua penseli, akapiga ndoo teke, na bibi akacheka kile kicheko chake cha mvuvi wa nchi kavu.

Kidonda kilifunga polepole. Muuguzi alipokikagua mara ya mwisho, alisema bibi anaweza kusafiri, ila kwa viatu vipana, laini ndani, visivyobana popote. Na baada ya kila mwendo avue, miguu ikaguliwe. Bibi aliitikia, lakini njiani alisema, "Basi nitashuka zile ngazi kwa viatu vya kitambaa. Kimyakimya. Kama paka."

Kesho yake Cherehani alikwenda kwa fundi viatu wa kona.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Cherehani. Umekuja kunishonea au kunichana?"

"Unaweza kutengeneza viatu vipana, laini ndani, visivyobana hata kidogo, lakini vinavyolia?"

"Vinavyolia!" Fundi aliweka nyundo chini. "Mwaka wa ngapi huu watu wananiletea viatu vinavyolia nivinyamazishe, na wewe unataka niviamshe?"

Cherehani alimweleza yote, na kumwekea mezani vile viatu vyeusi. Fundi alivigeuzageuza, akang'oa visigino vyake vigumu, akavipunguza, kisha akavipachika kwenye viatu vipana vya ngozi laini alivyovishona kwa kipimo cha miguu ya bibi. Chini ya soli akabandika mpira usioteleza. Kwa malipo, Cherehani alifagia kibanda chake kila jioni na kunyoosha misumari iliyopinda hadi fundi akasema, "Basi, mwanangu, sasa utanyoosha hata isiyopinda."

Waliondoka asubuhi moja, miti ikiwa imejaa majani. Mashua zilikuwa zimeshateremshwa zamani, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Gari lilinukia mkate. Walipofika juu ya genge, bahari ilifunguka chini yao yote kwa mara moja, na Cherehani alihisi miguu yake yote miwili ikitaka kwenda bila yeye.

Bibi alimshika bega.

"Ngoja. Nina deni la maneno. Nilikukasirikia kwamba umevunja siri yangu. Mjukuu wangu, siri nzuri ni ile ambayo siku ikifichuka watu hucheka pamoja. Siri inayomla mtu mwili si siri, ni ugonjwa wa pili. Ukiombwa uifiche, hata na mimi, hata na nani, nenda ukaseme. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Na aliyekuomba akinuna?"

"Atanuna tu, kisha ataniambia kisima kiko kushoto."

Mama aligeuza uso akacheka, na bibi akaanza kushuka.

Ko. Ko. Ko. Sauti iligonga mawe, ikapanda kwenye kuta za nyumba za kale, ikawatangulia. Chini, washona nyavu waliinua vichwa. Mmoja wao, mwanamke mzee mwenye sindano ya nyavu mkononi, alikinga jua kwa kiganja.

"Nani huyo anayeshuka kwa madaha?"

"Ni mimi," bibi akaitika kutoka juu. "Pekupeku."

Sindano ikaanguka. "Pekupeku! Jamani njooni! Pekupeku kavaa viatu!"

Walimzunguka, wakamkalisha kwenye benchi la mawe karibu na kisima, upande wa kushoto. Walimshika mikono, wakavisifu viatu, wakamtaka avigonge tena wasikie, naye akavigonga, miguu ameiweka pamoja mbele yake kama mtoto siku ya picha. Mjomba alikuwa tayari ukingoni mwa maji. "Cherehani! Njoo haraka! Kuna mashua inaingia, imejaa hadi pomoni!"

Goti lake lilikuwa likipiga mbio mahali pamoja. Aliitazama mashua. Akavitazama viatu, na vile visigino vilivyoteremka ngazi zote zile, na uso wa bibi katikati ya watu waliokuwa wakimwita Pekupeku. Kuvua viatu hapa, mbele ya hawa, kati ya miji yote ya dunia! Angeweza kungoja. Wangeweza kufanya baadaye, garini, nyuma ya pazia la makreti, wawili tu.

Goti likatulia. Cherehani alipiga magoti juu ya mawe, akatoa kioo kidogo mfukoni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Bibi, vua viatu nikuangalie miguu."